Maji Hayakumfikia Daktari wa Ng'ombe

Alianguka kwa magoti. Mtu akijikwaa hutanguliza mikono, lakini mikono yake ilibaki ubavuni. Magoti yalijikunja, yakagonga lami, akakaa hivyo kidogo kama ng'ombe anayetaka kulala, macho wazi, kisha akajilaza upande wa kushoto. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, kati ya Tarasaa na Minjila, tukiwa tunarudi Garsen, mahali ambapo vichaka vya miiba vya mathenge vimebana barabara huku na huku na hakuna kivuli cha kumtosha hata kuku.

Nilimshika shingo. Ilikuwa kavu. Mtu amekimbia kilomita thelathini kwenye jua lile, na shingo yake ni kavu na ya moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Binti yake Amina alipiga kelele, "Maji! Nani ana maji?" Tulikuwa watano na hakuna aliyekuwa na tone. Mbele yetu kidogo tuliona meza ya maji ya kamati ya mbio. Meza ilikuwepo kweli, sisemi haikuwepo. Ilitandikwa kitambaa cha kijani, na juu ya kitambaa mawe manne ya kuzuia kisipeperuke. Hapakuwa na kingine juu ya ile meza.

Naandika haya kwa sababu kamati imeandika ya kwake na kuyasoma kwenye baraza, na katika hayo ya kwake mwenye makosa ni mzee aliyelala pale lamini. Mimi niliishia darasa la nne. Mtu asinicheke herufi. Kuona hakuhitaji darasa, na mimi niliona.

Huyo mzee sisi wote Minjila tulimwita Daktari wa Ng'ombe. Udaktari wenyewe hakuwa nao. Alikuwa msaidizi wa mifugo wa serikali, yule anayetembea na sanduku la chanjo na sindano kubwa, mpaka akastaafu, na alipostaafu aliendelea na kazi ileile bila sare. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo sitaandika. Kwetu jina la mtu likitajwa watu huanza kupima: huyu ni wa kwetu au ni wa wale. Mkulima anapima, mfugaji anapima. Yeye jambo hilo lilimuudhi kuliko kupe. Ukimuuliza, "Daktari, wewe hasa ni wa wapi?" alikujibu, "Wa pale ng'ombe wako alipolala. Twende."

Alikuwa na swali moja. Ukimwendea mbio, jasho linakutoka, mbuzi wako amevimba tumbo, unaanza kueleza, alikukata: "Usiniambie anaumwa. Niambie alikunywa lini." Nilidhani ni swali la mbuzi tu. Baadaye mtoto wangu Jilo alipata homa, nikapita kwake kuomba anisaidie kupata pikipiki ya kutupeleka hospitali, naye yuko pale anafunga sanduku lake. "Alikunywa lini?" Nikamwambia Daktari, huyu ni mtoto, si ndama. Akamshika Jilo ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia, akaitazama inavyorudi. Ilirudi polepole. "Ndama au mtoto, ngozi ni ileile. Mpe maji yenye chumvi na sukari kidogo, sasa, halafu pikipiki." Hospitalini waliniambia nimefanya vizuri. Sikuwaambia nimefundishwa na nani.

Alimfinya kila mtu shingo. Wazee, wake za watu, mwalimu wa madrasa, bibi arusi akiwa kwenye kiti chake. Wengine walimkasirikia. Hakuomba radhi hata siku moja.

Nyama ya ng'ombe hakula. Miaka yote niliyomjua, kwenye arusi na kwenye matanga, sahani ikifika alitoa nyama na kumwekea wa jirani. Guyo, mfugaji wa upande wa malisho, alimtania sana kwa hilo. "Mzee, unawatibu ili tuwale sisi, wewe mwenyewe unaogopa?" Naye akajibu, "Nimeweka mkono wangu ndani yao mpaka kwapani. Wewe ungekula?" Samaki alikula, lakini mto aliuogopa. Mafuriko yakikata njia, ikabidi avushwe kwa mtumbwi kwenda kuchanja upande wa pili, alikaa katikati, sanduku kifuani, macho amefumba, anasoma dua kwa sauti mpaka ng'ambo. Na ni mtu yuleyule niliyemwona akifungua mdomo wa fahali mwenye wazimu na kuingiza mkono mzima.

Sifa hakutoa. Katika miaka kumi na mitano mimi alinisifu mara moja. Alisema, "Mama Jilo, wewe huna akili nyingi lakini hukimbii." Nikaipokea hivyo hivyo.

Guyo nilimjua kupitia kwake, na tulijuana vibaya. Ng'ombe wa Guyo waliingia shambani kwangu mahindi yakiwa yameanza kubeba. Shemeji yangu akatoka na panga, akamkata fahali mmoja pajani. Siku hizo watu wetu na watu wao walikuwa hawasalimiani. Kitu kidogo kama hicho kilikuwa kimeshatoa roho za watu zamani, na mimi nilizika ndugu zangu kwa sababu ya mambo ya aina hiyo. Wanaume walishaanza kukusanyika, huku na kule. Daktari wa Ng'ombe akaja na sanduku lake, hakumsalimu mtu. Akamtazama fahali, akaniita mimi. "Wewe mwenye mahindi, shika mkia. Na wewe mwenye ng'ombe, shika pembe." Guyo akaanza, "Mzee, huyu mwanamke na shemeji yake..." "Shika pembe!" Tulishika. Alishona nyuzi ishirini na moja, nilizihesabu, na kila mmoja akitaka kusema kitu alisema, "Ngoja nimalize, mnatingisha mgonjwa." Alipomaliza jua lilikuwa limepanda na wale wanaume wengi walikuwa wamechoka kusimama, wamekwenda zao. Akatuuliza, "Sasa semeni." Mimi na Guyo tukatazamana. Nilikuwa nimejaa mavi ya ng'ombe mpaka kifuani. Guyo ndiye aliyeanza kucheka.

Nimalize habari ya maji kabla sijafika kwenye mbio, maana kila kitu kinasimama hapo. Wafugaji wana desturi yao kisimani. Ng'ombe hunywa kwanza. Kisha watoto, kisha wageni na wanawake, kisha wanaume, na yule aliyesimama chini anateka, yule ambaye mikono yake imetoka malengelenge, hunywa mwisho kabisa. Akinywa kabla, watu hawatasahau. Daktari wa Ng'ombe alifanya kazi visimani muda mrefu hata desturi ile ikamwingia mwilini. Nyumbani kwake, chai ikimiminwa na yeye ndiye anayemimina, kikombe chake ni cha mwisho, na kama birika limekwisha basi limekwisha, anaendelea na maongezi kana kwamba amekunywa. Tulimwona hivyo miaka na hakuna aliyeona ubaya.

Kukimbia alikuwa nako tangu zamani. Serikali ilimpa pikipiki lakini mafuta yalikuwa leo yapo, kesho hayapo, kwa hiyo alizoea kufuata mifugo kwa miguu, na miguu ikizoea haistaafu pamoja na mwenyewe. Kila asubuhi ungemwona juu ya tuta la kuzuia mafuriko, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, anakimbia polepole kuelekea upande wa Garsen. Watu walimuuliza, "Mzee, unafukuzwa na nini?" "Na kitanda," alisema.

Basi mwaka jana kamati ikatangaza mbio za amani. Kilomita arobaini na mbili: kutoka uwanja wa Garsen, kupita Minjila, mpaka mbele kidogo ya Tarasaa, kugeuka, kurudi. Vikundi vya watu watano watano, jamaa na marafiki, wakulima na wafugaji wachanganyike, na saa ya kikundi inahesabiwa kwa mtu wa mwisho kufika. Zawadi mtamba mmoja wa kisasa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bakari Shora. Namtaja kwa jina lake lote, naye ananijua.

Asubuhi iliyofuata Daktari alisimama mlangoni pa jiko langu.

"Mama Jilo, una miguu?"

"Ninayo miwili, Daktari."

"Kesho ilete kwenye tuta."

Dada yangu mdogo Rehema alikuwepo, anachambua mchele. "Dada, na umri huo na makalio hayo? Ukianguka kule Tarasaa tutakubebaje?"

"Na wewe ulete yako," Daktari akamwambia.

Mume wangu naye alikuja, siku mbili. Siku ya tatu akadai goti. Daktari akalishika goti, akalikunja, akalikunjua, akamtazama usoni. "Goti zima. Kinachouma ni uvivu, na chanjo yake sikupewa." Baba Jilo alirudi kulala akiwa na furaha. Nafasi yake akachukua Guyo, aliyekuja na viatu vya tairi, na wa tano akawa Amina, binti wa Daktari, ambaye ni muuguzi na ndiye pekee kati yetu aliyekuwa na raba za maana.

Miezi mitano tulikimbia kwenye lile tuta. Mwanzo sikuweza kufika hata kwenye lango la maji la kwanza. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, nimezaa sita, na kitu pekee nilichowahi kukimbilia ni mvua ikinyesha mpunga umeanikwa. Nilikimbia na suruali ya mume wangu ndani na leso juu yake. Wanawake wa sokoni walitukalia kitako kila asubuhi. "Haya, ng'ombe wa Daktari wanapita! Mama Jilo, kengele yako iko wapi?" Rehema aliwajibu, "Kengele atafungwa yule mtamba tukimleta, na maziwa hamtaonja." Guyo alikimbia kama anachunga, fimbo mabegani, bila kuhema, akituimbia nyimbo za kuita mifugo. Daktari alikuwa nyuma siku zote, nyuma ya aliye nyuma, na aliye nyuma nilikuwa mimi. Alinipigia mdomo njia nzima. Nikitembea alisema, "Naona umelala." Nikilia alisema, "Hayo machozi ni maji, usiyapoteze."

Siku niliyofika Garsen na kurudi bila kusimama, nilikaa chini nikacheka peke yangu kama kichaa. Sijawahi katika maisha yangu kuwa na kitu ambacho ni changu hivyo. Shamba ni la ukoo, watoto ni wa baba yao, lakini zile kilomita zilikuwa zangu. Hilo nalo nataka liandikwe, kwamba yule mzee alinipa kitu kabla hawajamvunja.

Na sasa niandike lisilonipendeza. Siku ya kujiandikisha kamati iliweka umri, mwisho miaka sitini. Daktari alikuwa na sitini na mitatu. Nilikuwa nimesimama kando yake mezani. Aliandika hamsini na minne. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Daktari, umejikata pembe sana." Akasema, "Ng'ombe humpima kwa meno, na meno yangu bado." Tukacheka wote wawili. Alidanganya. Sikumzuia. Kamati imeyasoma hayo kwenye baraza kwa sauti kubwa, na hapo hawakusema uongo.

Siku yenyewe tulifika uwanjani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mbio zilikuwa zianze saa kumi na mbili, na hiyo ni saa ya akili kwa nchi ya kwetu. Kufikia saa tano tungekuwa nyumbani tunaoga. Amina alikuwa amehesabu kwenye karatasi. Saa kumi na mbili ikafika. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Wakimbiaji wetu wapendwa, tuvumilie kidogo, mgeni wetu rasmi yuko njiani." Saa moja akasema yuko njiani. Saa mbili akasema yuko angani. Jua limeshatoka lote. Ngoma zikapigwa, vikundi vya akina mama vikacheza, watoto wa shule wakasoma shairi mara mbili.

Daktari alikwenda kwa Bakari Shora chini ya hema, nami nilikwenda nyuma yake.

"Mwenyekiti, tuachie twende. Mgeni atatukuta tukirudi, atatupigia makofi."

Bakari akacheka. "Daktari, filimbi anapuliza mgeni rasmi. Utaanzaje shughuli na mwenyewe hajafika? Itakuwa adabu gani hiyo?"

"Jua halina adabu."

"Mzee wangu, kaa kivulini kidogo. Chai ipo."

Tukarudi tukakaa. Na hapa nijiseme na sisi sote: watu zaidi ya mia tatu walikuwa pale wana miguu, barabara iko wazi, na hakuna hata mmoja aliyeondoka. Kwetu arusi husubiri mheshimiwa, maiti husubiri mheshimiwa, chakula cha mafuriko kinakaa ndani ya lori mpaka mheshimiwa apigwe picha nacho. Tumezoea kusubiri mtu. Wala haikuonekana ajabu. Hata yeye Daktari, aliyembishia kila mtu, alikaa chini akaanza kusafisha kucha.

Saa tatu na zaidi likaja boza. Boza ni lile lori la tangi la maji, na lile lilikuwa limeletwa kwa kazi ya kujaza mapipa kwenye meza zote za njiani. Meza za kwenda zilikuwa zimejazwa. Za kurudi bado. Dereva wake, Kenga, alilizungusha katikati ya uwanja, akafungua koki za nyuma, na maji yakaanza kumwagika chini, mduara baada ya mduara, mpaka vumbi lote la pale uwanjani likawa tope la kupendeza. Ndege ya mgeni ilikuwa inatua, na vumbi lisiwaingie wageni machoni. Watoto walikimbilia nyuma ya boza wakacheza kwenye maji. Sisi tulipiga makofi. Nawaambia, tulipiga makofi, na yale yalikuwa maji yetu.

Filimbi ikapulizwa saa nne kasoro robo.

Kwenda hadi Tarasaa tulikwenda vizuri. Maji yalikuwepo kila kituo, ya moto lakini maji. Daktari alitufinya shingo mmoja mmoja huku tunakimbia, Rehema, Amina, Guyo, mimi, na kusema, "Nzuri. Nzuri. Wewe kunywa." Hakuna aliyemfinya yeye. Muuguzi alikuwepo, mfugaji alikuwepo, mimi nilikuwepo niliyefundishwa jambo hilo juu ya shingo ya mwanangu mwenyewe.

Tulipogeuka, kituo cha kwanza pipa tupu. Cha pili pipa halikuwepo kabisa, kijana mmoja wa kamati amekaa kwenye kiti. "Boza linakuja," alituambia. Pale Tarasaa Rehema alikimbilia dukani, mwenye duka akampa mtungi wa lita tano kwa huruma yake. Daktari akauchukua. Aliyeshika maji ndiye mtekaji, hivyo ndivyo alivyojua. Akamiminia Amina kikombe, akamiminia Rehema, akamiminia Guyo, akanipa mimi. Wakaja wakimbiaji wa vikundi vingine, ndimi nje, akawapa nao. Mimi nikanyoosha kikombe tena. Alinitazama, akanijazia. Nikanywa. Kilichobaki kilikuwa kama mafunda matatu hivi, na hapo akafika msichana mmoja wa shule anayetetemeka. Akampa.

"Baba, na wewe?" Amina akamuuliza.

"Nitakunywa kituo kinachofuata."

Kituo kilichofuata ndicho kile cha meza yenye kitambaa.

Alipolala pale, Guyo alivua shati akamsimamishia kivuli kwa mikono miwili, hakuishusha mpaka mwisho. Mimi nilikimbia kuelekea Minjila kutafuta maji, na sikufika. Nakumbuka lami inakuja usoni. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa uwanjani nyuma ya hema la wageni, na dereva wake alikuwa ameambiwa asiondoke mgeni akiwepo. Rehema alisimamisha pikapu ya makaa. Tulipelekwa hospitali juu ya magunia, mimi na yeye, weusi wote wawili. Niliamka na dripu mkononi. Kitanda cha pili alikuwa yeye, hakuamka siku nne.

Aliamka si yule. Joto lilikuwa limempika kichwani, Amina alinieleza, ile sehemu inayoshika mwendo na ulimi. Na figo zikawa zinasuasua. Akili ilikuwepo, maneno yaliteleza. Kutembea alitembea kama aliye kwenye mtumbwi.

Baraza lilifanyika mwezi uliofuata. Bakari Shora alisoma karatasi: kwamba mkimbiaji mmoja mzee alidanganya umri, kwamba alificha presha, kwamba maji yalikuwepo ya kutosha vituo vyote. Presha hakuwa nayo. Amina alikuwa akimpima kila wiki, daftari analo. Nikasimama nikasema habari ya boza. Bakari akaniambia, "Mama, wewe mwenyewe ulizimia, uliona nini?" Watu wakacheka. Kenga wa boza alikuwa amekaa safu ya tatu anatazama viatu vyake. Wiki ile ile alinikuta sokoni akanivuta kando. "Mama Jilo, mimi nilipigiwa simu. Mwenyekiti mwenyewe. Nilimwambia, maji haya ni ya barabara, nikimwaga hapa hayatatosha kurudi kujaza. Akasema, mwaga, barabara utaijaza baadaye. Nilipomaliza wakanizuia nisitoke mpaka hotuba ziishe. Mimi ni dereva tu." Nikamwuliza kama atasema hayo mbele ya watu. Akasema ana watoto. Na mimi nina watoto, Kenga, na jina lako naliandika.

Daktari wa Ng'ombe alikufa miezi minane baada ya mbio. Mara ya mwisho nilipokwenda kwake ilikuwa wiki tatu kabla. Nilimkuta nje kwenye kiti cha plastiki, na mwanamke mmoja mfugaji amemletea ndama anayelegea masikio. Yule mama alianza kueleza tangu lini, na nini, na nani alimloga. Daktari akainua kidole. Ilimchukua muda kulipanga neno.

"Ali... kunywa lini?"

Sindano aliishika mwenyewe, akajaribu kutafuta mshipa. Mkono ulikwenda pembeni, ukarudi, ukaenda pembeni. Yule mama akageuza uso. Amina akaja, akapiga magoti, akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake, wakadunga pamoja. "Polepole," Daktari alimwambia binti yake, kana kwamba mwenye kutetemeka ni Amina.

Nilikuwa nimekuja na barua. Nilitaka aweke sahihi au dole gumba, niipeleke juu, kwamba kamati imesema uongo. Nilimsomea. Nilikuwa nimeandika maji, boza, saa nne za kusubiri, gari la wagonjwa. Alisikiliza amefumba macho.

"Umri?" akasema.

"Umri nimeuacha, Daktari. Tutawapa fimbo ya kutupiga?"

"Andika."

"Daktari..."

"Andika nilidanganya. Sitini... na mitatu." Alipumzika. "Andika na vikombe vyako."

Sikujua kwamba alikuwa akihesabu. Miezi saba sikuwahi kumwambia mtu, hata Rehema, na usiku na mchana nilikuwa nacho hicho kikombe cha pili. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza kwa mkono, kwa hasira, kama alivyotukata siku ya fahali.

"Si hilo. Ulikuwa na kiu. Andika tu. Kila mtu... aandike lake. Halafu wao."

Nikaandika palepale, kwenye goti. Akaweka dole gumba, likapotoka, tukarudia.

Ile barua niliipeleka Garsen ofisini. Walinipigia mhuri, wakanipa nakala, wakaniambia nitaitwa. Sijaitwa. Juzi gari limepita Minjila na kipaza sauti linatangaza mbio za amani za pili, kamati ileile, mwenyekiti yuleyule, na wakimbiaji wanaombwa wafike saa kumi na mbili kamili. Rehema ameniuliza kama nitakimbia. Guyo ameniuliza. Nimewaambia nitakuwepo uwanjani, na sitafunga raba.

Nitasimama mbele ya hema, Bakari Shora, mimi na Amina. Hatutaki pole, pole mlishaileta na kilo mbili za sukari. Tunataka useme kwa mdomo wako, kwenye kipaza sauti kilekile, watu wakiwa bado hawajaanza kukimbia: ni nani aliyempigia Kenga simu asubuhi ile, na alimwambia maji ya barabarani yamwagwe kwa ajili ya nani? Jibu. Tumezoea kusubiri, na tutasubiri hapo hapo mpaka ujibu.